Saa Tatu Zilizopotea: Tafakari ya Kero za Programu Huria

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake umeachwa wazi ili yeyote ausome, aubadilishe na ausambaze upya. Mifumo endeshi ya ukoo wa Linux, LibreOffice ya kuandikia nyaraka, GIMP ya kuhariri picha, Audacity ya kuhariri sauti na VLC ya kuchezea filamu ni baadhi ya zile zinazoonekana zaidi kwenye kompyuta za mezani na za mpakato. Karibu zote hupatikana bila malipo, na kila moja ina namna yake ya kumkera mtumiaji. Kero zenyewe ni ndogo ndogo: saa inayorudi nyuma, printa inayogoma ilhali ina karatasi, barua iliyovurugika mistari, picha isiyofunguka kwa fundi wa stesheneri. Hakuna hata moja inayostahili kuitwa janga, lakini ndizo zinazoamua kama mtu ataendelea na programu au ataifuta kabla ya wiki kwisha.

Historia ya programu hizi nayo ilianza na kero. Mnamo mwaka 1980 hivi, maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa printa ya leza na kampuni ya Xerox. Printa hiyo ilikuwa na kawaida ya kukwamisha karatasi. Ile iliyoitangulia nayo ilikwama, ila Richard Stallman, mmoja wa watengenezaji programu wa maabara hiyo, alikuwa ameirekebisha programu yake ili iwape taarifa wanaosubiri kazi zao, waende kuikwamua. Kwa printa mpya hakuweza kufanya hivyo, kwa sababu ilikuja bila msimbo wake. Alipomfuata mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao, alikataliwa: mtafiti yule alikwisha kusaini ahadi ya kutoutoa. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi ulio huria, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, inayomlazimisha anayesambaza programu yenye leseni hiyo kuambatisha na haki ya kuifungua. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo endeshi kilichokuja kuitwa Linux, na kazi hizo mbili zikakutana.

Katika kisa cha printa, karatasi kukwama ni jambo la kawaida. Kilichouma ni kuijua dawa na kuzuiwa kuitia. Hivyo programu huria haikuahidi tangu mwanzo kwamba karatasi haitakwama. Iliahidi kwamba atakayetaka kuikwamua hatakuta kufuli. Mtumiaji anayeichukua akidhani amepewa bidhaa iliyokamilika, pamoja na fundi wa kumhudumia, huwa amesoma mkataba ambao haukuandikwa. Ndipo inapofaa kuzitazama kero zenyewe moja baada ya nyingine na kuuliza kila moja inatokana na nini, maana zinafanana machoni na hazifanani asili.

Kundi la kwanza, na lililo kubwa kuliko yote, ni kero za desturi mbili zinazokutana. Mfano wake bora ni saa. Mtu ana kompyuta yenye mifumo miwili, Windows na Linux, na huwasha huu au ule kulingana na kazi. Alasiri moja, baada ya kutoka kwenye Linux, anawasha Windows na kukuta pembeni mwa skrini pameandikwa saa sita mchana, ilhali jua limekwisha kuinama na ni saa tisa. Anarekebisha. Anaporudi kwenye Linux, saa imeruka mbele hadi kumi na mbili jioni. Anarekebisha tena, na mchezo unaendelea siku kwa siku mpaka anaanza kuishuku betri.

Betri haina kosa. Ndani ya kompyuta mna saa ndogo inayotembea hata umeme ukikatika. Windows, kwa desturi iliyorithiwa kutoka kompyuta za IBM za miaka ya 1980, huisoma saa hiyo kuwa ni saa ya mahali pale pale. Linux, kwa desturi ya Unix, mfumo wa mashine zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja, huisoma kuwa ni saa ya dunia, UTC, kisha hujumlisha tofauti ya eneo. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC, na ndiyo maana zinazopotea Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni tatu. Bujumbura, Kigali na Bukavu hupotea mbili, na Maskati nne. London, katika majira ya baridi, haipotei hata moja, kwa kuwa saa ya huko wakati huo ni UTC yenyewe. Kero hujitokeza pale saa zinaposogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi. Dawa yake ni mstari mmoja wa amri, «timedatectl set-local-rtc 1», unaoiagiza Linux isome kama Windows inavyosoma.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Mshale mfupi wa saa ya ukutani unaelekea kwenye 3 na mdomo wa msemaji unatamka tisa, wala hamna aliyekosea. Mmoja anahesabu tangu adhuhuri, mwingine tangu jua kuchomoza. Mgeni asiyejua hesabu hizo mbili hufika kwenye miadi akiwa amechelewa au amewahi mno, na hulaumu saa. Kompyuta yenye mifumo miwili ina wenyeji wawili wa namna hiyo, wote wakweli, na kazi ya mtumiaji ni kuwakubalisha hesabu moja.

Kero za karatasi ni za ukoo huo huo. Anayesakinisha Linux huulizwa lugha, na wengi huchagua Kiingereza cha Marekani kwa kuwa ndicho kilichotangulizwa. Chaguo hilo moja linabeba mengi yasiyotajwa. Tarehe hutanguliza mwezi, hivyo siku ya tano ya Aprili huandikwa 04/05 na kusomwa na wenzake wa ofisini kama tarehe nne Mei. Karatasi nayo huhesabiwa kuwa ya kipimo cha Letter, milimita 216 kwa 279, badala ya A4 yenye 210 kwa 297. Printa nyingi huigundua tofauti hiyo, husimama na kuwasha taa ya kuomba karatasi huku trei imejaa. Mtumiaji hufungua vifuniko, hupuliza vumbi, huzima na kuwasha, na tiba haiko kwenye printa hata kidogo. Iko kwenye mipangilio ya eneo, ambako Tanzania na Kenya zimo kwenye orodha, na ambako mtu anaweza kuacha menyu zake kwa Kiingereza huku tarehe na karatasi zikifuata za nyumbani.

Barua iliyovurugika mistari inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayowarudisha watu wengi kwenye programu za kununua. Mwajiri ametuma waraka wenye kurasa nne. Ukifunguliwa kwenye LibreOffice una kurasa tano, jedwali limekatika katikati, na saini imebaki peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Lawama huangukia programu. Mara nyingi kilichopungua ni fonti. Tangu mwaka 2007, Microsoft Office ilikuwa ikiandika kwa fonti ya Calibri pasipo mtu kuichagua, na fonti hiyo ina leseni isiyoruhusu kugawiwa ovyo. Kompyuta isiyokuwa nayo huweka nyingine mahali pake, na ikiwa herufi za fonti hiyo ni pana kuliko za Calibri hata kwa unywele, maneno husukumana, mstari huzaa mstari, na ukurasa huzaa ukurasa.

Watengenezaji wa programu huria waliijibu kero hii kwa ufundi wa kushonea kipimo cha mwingine. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti za Liberation, ambazo kila herufi yake ina upana ule ule wa herufi ya Arial, Times New Roman au Courier New, ingawa umbo lake ni jingine. Baadaye Google ikatoa Carlito kwa kipimo cha Calibri, na Caladea kwa kipimo cha Cambria. Ukisakinisha Carlito, waraka wa kurasa nne hurudi kuwa wa nne. Kisha mwaka 2023 Microsoft ilianza kuachana na Calibri na kuweka Aptos kuwa fonti ya kuanzia, na mbio zikaanza upya. Kwa waraka ambao haupaswi kuhaririwa na mpokeaji, wasifu wa kuombea kazi kwa mfano, njia iliyo salama ni kuutuma ukiwa PDF, kwa kuwa PDF huweza kubeba fonti zake ndani.

Desturi hugongana pia juu ya maana ya kuhifadhi. Kwa mtu aliyezoea programu ndogo za picha, kuhifadhi ni kupata faili ambalo yeyote anaweza kulifungua. Kwa GIMP, tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, kuhifadhi ni kuandika faili la XCF lenye tabaka zote za kazi, na anayetaka JPEG au PNG sharti aende kwenye amri nyingine ya kuhamishia nje. Malalamiko yalikuwa mengi, na sababu ya mabadiliko hayo ilikuwa nzuri: JPEG hutupa tabaka na hupunguza ubora, na mhariri aliyefunga kazi yake akidhani ameihifadhi huenda kesho yake akakuta hakuna cha kuhariri. Hata hivyo sababu nzuri haimsaidii aliyebeba kadi ya harusi kwenye flashi hadi dukani na kukuta kompyuta ya dukani hailijui faili lake.

Audacity ilikuwa na mtego ulio mkali zaidi. Kabla ya toleo la 3.0 la Machi 2021, kazi iliyohifadhiwa ilikuwa na sehemu mbili: faili dogo la aup, ambalo ni kama orodha ya yaliyomo, na folda kando yake yenye vipande vya sauti yenyewe. Mtu alinakili faili, akaiacha folda, akafika kituo cha redio na orodha ya mahojiano bila mahojiano. Toleo la 3.0 liliviweka vyote ndani ya faili moja la aup3. Mabadiliko hayo hayakuipa programu uwezo wowote wa kujivunia mbele ya washindani. Yalifunga shimo ambalo watu walikuwa wakitumbukia.

Kundi la pili ni kero za mlango uliofungwa, na mfano wake ni Wi-Fi. Kadi nyingi za mtandao haziwezi kuamka mpaka zipewe programu ndogo inayotolewa na aliyeziunda, na baadhi ya waundaji hawaitoi msimbo wake. Mifumo iliyoshika msimamo wa kusambaza programu huria tupu iliiacha nje. Matokeo yake ni kitendawili kinachojulikana na kila aliyepita njia hiyo: kompyuta inahitaji intaneti ili ipakue kile kitakachoipa intaneti. Debian, mmoja wa mifumo mikongwe na yenye msimamo mkali, ulibishana juu ya jambo hili kwa miaka. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kuruhusu programu hizo ndani ya diski rasmi ya usakinishaji, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nazo. Waliokubali walikuwa wakipima uhuru wa msimbo dhidi ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta isiyoweza hata kutafuta msaada.

Kwa aliyekwama leo, tiba ya haraka iko mfukoni. Simu ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuwekwa kushiriki intaneti yake, Linux kwa kawaida huiona kama kadi ya mtandao na kuanza kuitumia papo hapo. Megabaiti chache za bando zinatosha kushusha kinachotakiwa. Ni tiba ya mpito, na uzuri wake ni kwamba haihitaji kumwomba mtu ruhusa.

Kundi la tatu ni kero za kazi isiyomalizika, na hapa Kiswahili kina historia yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya ofisini ya OpenOffice yenye menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Faili likaitwa faili, amri zikapata majina, na kwa mara ya kwanza mtu asiyejua Kiingereza aliweza kuandika barua kwa programu kamili ya ofisini inayozungumza naye. Lakini programu haisimami. Kila toleo jipya huleta sentensi mpya za kutafsiriwa, na mikono ikipungua, menyu hubaki nusu kwa nusu: amri ya zamani kwa Kiswahili, mpya kwa Kiingereza, mtu akisoma kama anayevuka mto kwa mawe yaliyoachana.

Kero ya kila siku ya mwandishi wa Kiswahili, hata hivyo, ni mstari mwekundu. Anaandika aya nzima safi, na kila neno limepigiwa mstari chini kana kwamba limekosewa, huku programu ikijitwalia ruhusa ya kugeuza herufi «i» iliyosimama peke yake kuwa kubwa, kwa sababu inadhani inasoma Kiingereza. Sehemu ya tiba ni kuiambia lugha: LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, inayoweza kuchaguliwa wakati wa kusakinisha na kuwekwa kuwa lugha ya waraka. Sehemu nyingine ni ngumu zaidi. Kitenzi kimoja cha Kiswahili, kikipewa viambishi vya nafsi, njeo, mtendwa na kauli, huzaa maumbo kwa maelfu, na hakuna orodha inayoweza kuyamaliza. Kwa bahati njema, Hunspell, injini ya tahajia inayotumiwa na LibreOffice na Firefox, ilibuniwa kwa ajili ya Kihungaria, lugha ambayo nayo hurundika viambishi, hivyo inajua kupokea kanuni badala ya orodha tupu. Kanuni hizo sharti ziandikwe na anayekijua Kiswahili. Neno kama «hawakutuandikia», likipigiwa mstari, litaacha kupigiwa siku mtu atakapoketi na kuandika namna linavyojengwa.

Kuna kundi la nne, la kero anazojizalishia mtumiaji mwenyewe akitafuta dawa ya nyingine. Kwenye Linux, msaada mwingi huja kama mistari ya amri ya kubandika kwenye dirisha jeusi. Mgeni huona huo ni ushamba wa wataalamu, lakini una sababu: madirisha na vitufe hutofautiana kutoka mfumo hadi mfumo, na amri ya maandishi mara nyingi hufanya kazi ile ile kote na huweza kusafiri ndani ya ujumbe wa simu. Ubaya wake ni kwamba mstari hunakiliwa bila kueleweka. Mfano wa kawaida ni Ubuntu inapokataa kusakinisha kitu na kusema kwamba kufuli imeshikwa na mwingine. Mwingine huyo mara nyingi ni mfumo wenyewe, unaojisasisha kimyakimya, na tiba ni kunywa chai na kurudi. Asiyejua hupata mahali mstari unaofuta faili la kufuli, huubandika, na kuingilia sasisho katikati. Kilichokuwa kungoja kwa dakika kumi huwa mfumo uliovunjika.

Makundi haya manne yakitambuliwa, njia ya tiba hujipanga. Desturi mbili hutibiwa kwa mipangilio. Mlango uliofungwa hutibiwa kwa kuzunguka, na njia ya uhakika ni kuchagua vifaa kabla ya kununua, kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi na kujaribu Wi-Fi, sauti na skrini kabla fedha haijatoka. Kazi isiyomalizika hutibiwa kwa kufanywa. Kero ya mkono wa mtumiaji hutibiwa kwa subira na kwa kuusoma mstari kabla ya kuubandika. Na yapo yasiyotibika: waraka wenye makro nzito za Excel, au mfumo wa ofisi uliojengwa kwa Windows pekee, huwa na gharama ndogo ukitumiwa kule ulikozaliwa.

Kwa kosa lililo ndani ya msimbo wenyewe, tiba huanza na taarifa. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mtengenezaji wa programu hupokea taarifa akiwa upande wa walio hai: kwenye kompyuta yake kila kitu kinatembea. Kumwambia kwamba programu haifanyi kazi ni kumwachia kaburi bila jina. Taarifa inayosaidia hutaja toleo la programu na la mfumo, hatua zilizochukuliwa kwa mpangilio, kilichotarajiwa na kilichotokea. Mara nyingi anayeisoma ni mtu wa kujitolea, anayeifungua usiku baada ya kazi nyingine, na lugha ya ukali humpunguzia hamu bila kumpunguzia hitilafu.

Thamani ya kuikagua kero ndogo ilionekana Machi 2024. Mhandisi Andres Freund alikuwa akipima kasi ya hifadhidata kwenye toleo la majaribio la Debian, akagundua kwamba kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali kwa njia ya SSH kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wangeipuuza. Yeye aliifuatilia hadi kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyotunzwa kwa miaka karibu na mtu mmoja tu, na akakuta kwamba msaidizi aliyejipatia imani kwa muda mrefu ameingiza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Tarehe 29 mwezi huo alitoa taarifa hadharani, na mifumo ikarudi kwenye toleo la nyuma. Watumiaji wengi hawakuwa wamefikiwa bado. Aliyeudhiwa na nusu sekunde alikuwa na msimbo mbele yake, na hakuhitaji kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kuusoma.